Ukurasa Usiopita Bario

Jarida la wahitimu lilikuwa linafika Isiolo kila miezi mitatu, na kila mara Habsa binti Robow alilisoma hapo hapo nje ya posta, amesimama, mgongo kwa ukuta, kwa sababu saa nne asubuhi huo ukuta bado unakuwa na kivuli. Alianzia nyuma, penye waliokufa. Halafu waliooana. Halafu mpira, nani alifunga nani. Halafu utafiti, ambao alisoma polepole. Ukurasa wa kumi na moja aliuruka kwa sababu ulikuwa mweupe. Juu uliandikwa Nafasi za Kazi, chini uliandikwa kumi na moja, katikati hakuna kitu.

Hakuna mtu Isiolo aliyeuliza ni kwa nini. Gari la posta lilipopita chini ya ule mti wa bario, kizuizi cha polisi kinachoinuliwa magari yapite, pale barabara ya kutoka Nanyuki inapomalizia kuteremka, maneno ya ukurasa wa kazi yalikuwa yanaanguka. Hata barua ikiwa na habari za kazi, hizo habari zilianguka na salamu zikabaki. Ilikuwa hivyo tangu wakati wa Mzungu. Watu walikuwa wameizoea, vile mtu anazoea mlango unaokwaruza.

Habsa alikuwa daktari wa mifugo. Alimaliza chuo kikuu mwaka wa themanini na mbili, akarudi nyumbani, mtaa wa Kiwanjani, na cheti ndani ya bomba la karatasi ngumu, akangoja. Jarida lilikuwa linaandikwa na Karimi, msichana wa Meru ambaye walilala chumba kimoja miaka minne, na ambaye sasa alikuwa na ofisi yake huko chuoni na kazi ya kuhakikisha kwamba hakuna mhitimu anayepotea. Karimi aliipenda hiyo kazi. Pembeni mwa kila jarida la Habsa aliandika kwa kalamu ya kijani: "Habsa wangu, soma uk. 11." Hayo maneno ya kijani pia yalianguka. Habsa aliona tu alama ya mkono uliokandamiza kalamu, akadhani ni salamu.

Sasa ilikuwa themanini na nne na mvua ilikuwa imekataa mara mbili. Juu ya Kiwanjani, pale ng'ombe wa kuuzwa wanangojea, mzee Halkano kutoka Kulamawe alikuwa na ng'ombe sitini. Alitaka kuwapeleka Kenya wakiwa bado wanasimama. Watu wa huku wakisema Kenya wanamaanisha ng'ambo ya bario, kuanzia Nanyuki kwenda Nairobi. Lakini ng'ombe wa huku hapiti bila karatasi ya daktari wa serikali kusema hana ugonjwa, na daktari wa serikali hakuwepo. Ofisi ilikuwepo. Kiti kilikuwepo, na tarishi alikipangusa vumbi kila Ijumaa kabla ya swala.

Habsa aliwapima ng'ombe wote sitini, mdomo, kwato, tezi. Walikuwa wazima ila njaa. Halkano alimngoja amalize kunawa.

"Sasa niandikie karatasi."

"Abo Halkano, mzee wangu, mimi si wa serikali. Nikiandika ni karatasi tu."

"Kwani ukifungua mdomo wa ng'ombe, meno inajua wewe si wa serikali?"

Habsa alicheka kidogo, halafu wote wawili wakawaangalia ng'ombe. Jarida lilikuwa mfukoni. Alimwonyesha mzee ukurasa wa utafiti, kwa sababu huo ulipita bario vizuri sana, na picha yake na majina ya maprofesa yote. Ulihusu ugonjwa wa mapafu kwa ng'ombe wa Isiolo. Halkano akaishika picha mbali na macho, akamtambua ng'ombe wake mwenye pembe iliyovunjika, ambaye wageni walimtoa damu mwaka wa sabini na tisa wakaenda nayo. Akasema amefurahi kujua damu ilifika.

*

Aliyekuwa anafagia bario ni askari Mbaabu, Mmeru mpole mwenye magoti mabaya. Kila gari la posta likishapita alitoka na ufagio wa matawi. Maneno yalikuwa chini pale, makavu, meusi, yamejikunja kama majani ya chai. Askari aliyekuwepo mbele yake aliwahi kuyachemsha akidhani ni majani ya chai kweli. Akashinda wiki nzima akiomba uhamisho kwa Kiingereza kizuri, na akapewa. Tangu hapo wakubwa walikataza. Mbaabu aliyatia kwa mkebe wa samli, mkebe ukijaa anaenda kumwaga korongoni.

Mwisho wa Mei alimwona Habsa akipita na mfuko wa dawa za mbuzi, akamwita.

"Daktari, samahani. Mimi si mtu wa kusoma takataka. Lakini hapa ndani kuna jina la huu mji wenu. Nimeliona mara nyingi."

Akaingiza vidole ndani ya mkebe, akatoa neno moja, akaliweka kwa kiganja cha Habsa. Lilikuwa Isiolo. Akatoa lingine, likawa mifugo.

"Hii ni ya juzi tu?" Habsa akauliza.

"Hii ni ya juzi. Lakini hata ile ya mwezi wa tatu lilikuwepo. Na ile ya Disemba. Nilidhani mnajua."

Habsa aliomba huo mkebe. Mbaabu aliangalia ofisi ya mkubwa wake, akaona mlango umefungwa, akampa.

Nyumbani, mama yake, Raho, alichungulia mkebe na kuuliza kama ni kitu cha kuliwa. Habsa akaeleza. Raho hakujua kusoma, lakini hakuna kitu kidogo kilichochanganyika na uchafu ambacho hajawahi kukichagua. Akaita jirani yake Ardo, wakatandika mkeka chini ya ukuta, wakaleta nyungo mbili. Na kwa sababu kitu chochote kikitoka sokoni kinapepetwa kwanza ndipo kichaguliwe, Raho alisimama, akaangalia upepo unatoka wapi, akapepeta. Vumbi likaenda. Maneno mazito yakabaki, yale marefu marefu. Vitu vyepesi vikaruka na makapi mpaka kwa kuku.

"Hoyo, ngoja," Habsa akamwambia mama yake, lakini ilikuwa imeshaisha.

"Ningoje nini, tule mchanga?" Raho akasema. "Sasa ni safi. Kaa chini uchague."

Walichagua siku nyingi. Wanawake walipanga kwa umbo: yenye mikia huku, yenye matumbo huku. Habsa akachukua kila rundo akaanza kuunganisha juu ya ukurasa mweupe wa kumi na moja, kwa uji wa ngano. Ukurasa wote ulikuwa na kazi kumi na nne, zimechanganyika zote. Ardo alikuwa anaokota neno, analipeleka kwa jua, anauliza hili ni mshahara au ni bwana? Siku moja alimwambia Raho kwamba huyu msichana angekuwa ameolewa, haya maneno yote wangekuwa wanayatupia mbuzi. Raho akamwambia aendelee kuchagua, na kwamba yeye Ardo aliolewa mara mbili na bado yuko hapa kwa mkeka wa wenyewe.

Tarehe kumi na saba Juni jioni, kabla ya adhana, ikakamilika. Anatakiwa afisa wa mifugo, Isiolo. Awe na digrii. Awe tayari kuishi mahali pa joto. Anayejua Kiborana au Kisomali atapewa nafasi ya kwanza. Barua zifike kabla ya tarehe.

Hapo penye tarehe hapakuwa na kitu. Namba ni nyepesi, zilienda na makapi. Habsa akaangalia kuku. Kuku wote waliokuwa uani waliangalia pembeni.

*

Kesho yake aliondoka na lori la baba yake lililobeba ngozi. Ngozi zilikuwa nyingi mwaka huo. Barabarani mzee Robow alisema tu kwamba babu yake mwenyewe alivaa nguo za jeshi la Mwingereza miaka ishirini na bado alizikwa akingoja kibali cha kufika Nyeri. Kwenye bario Mbaabu akakisoma kitambulisho cha Habsa mbele na nyuma, kwa sababu mkubwa wake alikuwa anaangalia.

"Unaenda Kenya?"

"Naenda Kenya."

"Haya. Uwasalimie," akasema, akauinua mti.

Nairobi alienda kwanza kwa Karimi. Karimi alimkumbatia mpaka bomba la cheti likabonyea. Akauliza kama alikuwa anasoma ile kalamu ya kijani. Habsa akamwambia ilivyo, na Karimi akakaa chini kwa kiti cha wageni badala ya chake. Kumbe mara sita alikuwa ameuandika huo ukurasa akimfikiria Habsa. Kila mara aliposikia kimya alisema moyoni huyu ameolewa, huyu ametusahau. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Halafu akachukua mkoba wakaenda wote wizarani.

Ofisa aliyewapokea alikuwa mtu mzuri. Aliwapa chai. Alikichukua cheti cha Habsa kwa mikono miwili, akasema ni cheti kizuri, lakini barua zilifungwa tarehe kumi na tano na leo ni kumi na tisa. Kazi ilikuwa imeshapewa bwana Kobia.

"Tumeitangaza mara sita," akasema. "Hakuna mtu wa huko aliyewahi kuomba. Tumeandika hivyo kwa ripoti, kwamba watu wa Isiolo hawana haja na hizi kazi."

Habsa akasema ukurasa ukifika kwao huwa mweupe.

"Ndiyo, tunajua," ofisa akasema, akimwongezea chai. "Huwa haupiti. Ndiyo maana tukatangaza mara sita."

Karimi aliweka kikombe chini. Aliuliza kama huyo Kobia ameshaenda. Ofisa akasema hapana, Kobia ana kifua, joto linamsumbua, lakini jina lake limeshaingia, kwa hivyo kiti kina mtu.

*

Aliporudi nyumbani mama yake alimpokea mfuko, akampeleka jikoni, akamwonyesha yai ndani ya debe la unga. Kuku mmoja mwekundu alilitaga siku Habsa alipoondoka. Juu ya ganda, kwa herufi nyeusi safi za chapa, limeandikwa 15 Juni.

"Ni hiyo ulikuwa unatafuta?" Raho akauliza.

"Ni hiyo, hoyo."

Raho akaligeuza yai mkononi. "Mimi ndiye nilipepeta," akasema.

Habsa akamwambia kila mtu hupepeta. Walilipika asubuhi, wakagawana na Ardo.

Mwezi wa tisa jarida lilifika. Habsa alisoma akiwa kwa ule ukuta wa posta. Kwenye safu ya Habari za Wenzetu iliandikwa kwamba daktari Kobia ndiye afisa wa mifugo wa Isiolo na anawasalimu wote kutoka huko kaskazini. Chini yake Karimi alikuwa ameandika kwamba daktari Habsa Robow yuko Isiolo na anafanya, halafu palikuwa peupe mpaka mwisho wa mstari. Ukurasa wa kumi na moja ulikuwa mweupe wote, karatasi nzuri, nzito.

Halkano alimkuta hapo. Ng'ombe walikuwa wamebaki kumi na tisa. Hakuuliza tena kama yeye ni wa serikali. Alimwambia tu njoo, wakaenda, akawapima mmoja mmoja kama mara ya kwanza, mdomo, kwato, tezi. Alipomaliza alitoa jarida mfukoni, akachana ukurasa wa kumi na moja taratibu kwa kufuata mshono, akauweka juu ya mgongo wa yule wa pembe iliyovunjika. Akaandika: Nimewaona ng'ombe hawa kumi na tisa wa Halkano Arero. Ni wazima. Wapite. Akaweka jina lake, na mbele ya jina akaweka daktari.

Waliteremka wote mpaka bario, ng'ombe, mzee na Habsa. Mbaabu akaipokea karatasi, akaisoma yote, midomo ikitembea. Akasema imeandikwa vizuri sana. Halafu akaipeleka chini ya mti wa bario, kwa sababu mkubwa wake hukaa ng'ambo na lazima aione.

Maneno yalianguka hapo hapo. Yalianguka bila sauti, daktari likiwa la mwisho kwa sababu Habsa alilikandamizia kalamu. Mbaabu alisimama na karatasi nyeupe mkononi. Ng'ombe walinusa yale yaliyoanguka wakayaacha.

Mbaabu aliingia kibandani akatoka na ufagio, na mkebe mwingine, mdogo, mpya, wa kahawa. Akapiga magoti yake mabaya chini, akayakusanya kwa mkono, hakutumia ufagio.

"Hizi sitachanganya na zingine, daktari," akasema. "Hizi nitaziweka kando."

Habsa akamshukuru. Halkano aliichukua ile karatasi nyeupe kutoka kwa askari, akaikung'uta vumbi, akaiangalia pande zote mbili. Akaona bado ni safi na haijachanika.

"Andika tena," akasema. "Kesho tutakuja tena."

Habsa akamgeuza ng'ombe wa mbele, apate mgongo wa kuandikia.