Boksi Lililoapiwa

Waridi hakuwa mtu wa kuapa ovyo. Lakini juu ya ile programu ya kompyuta ya kuendeshea mashine ya kudarizi aliapa mbele ya wamama wa kanisa kule Nundu, yeye Mwislamu wa mji wa Baraka, boksi lake mkononi: ukiinunua mara moja, ni yako mpaka kufa. Ndivyo boksi lenyewe lilivyoandikwa. Wamama wakaamini, wakachanga, wakanunua ya kwao. Espérance, rafiki yake tangu shuleni, akawekwa kuiendesha mashine.

Waridi alimfundisha yote. Jinsi ya kubana kitambaa, kuchagua uzi, na kompyuta ikianza kujikokota, kufuta kila kitu na kuweka programu upya kwa namba ileile ya kwenye boksi.

"Ni kama kufula manguo," alimwambia. "Unafula, unavaa tena."

Juzi kompyuta ya Waridi mwenyewe ilijikokota, naye akaifuta. Alipoingiza namba, ikakataa. Akaiandikia kampuni, na jibu likaja upesi, la adabu tupu: leseni yako bado ni halali, maisha yako yote, tulichoacha ni kuiwasha kwenye kompyuta iliyofutwa. Ukipenda, lipia programu mpya, kila mwezi.

Halali, ila haiwaki. Huko ndiko kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Mwizi wa usiku ana nafuu, maana yeye hakuandikii asante kwa kuwa mteja wake. Waridi akakunja ngumi asijue ampige nani. Kisha akamkumbuka Espérance, ambaye programu yake ilikuwa bado inafanya kazi. Akashika simu.

"Espérance, kompyuta yenu musiiguse. Musifute kitu."

"Ah, dada, umechelewa. Ilikuwa inajikokota, njo nikafanya vile ulinifundishaka. Kijana wetu Bertin amenisaidia kufuta byote asubui." Alikuwa akicheka. "Bamama bako hapa, banangojea nguo za kwaya. Iko inaomba numero tu. Ngoja niisome ku boksi, we unisikilize kama niko sawa."

Akaanza kusoma, polepole, herufi moja moja, na wamama nyuma yake wakanyamaza ili asikosee. Waridi alijua namba hiyo itakataliwa. Ile kampuni hakuna atakayeitafuta kule Nundu. Aliyeapa ni yeye.