Lugha Moja Tu

Siku ya kipimo, Célestine alimleta binti yake akiwa amesukwa akasukika. Rasta nyembamba zilibana kichwa hadi paji la uso likang'aa, na kila mkia ulimalizikia kwa shanga nyeupe. Célestine, mwanamke wa Bukavu kule Kongo, alikuwa na kiti chake cha ususi huko Turffontein, na asingekubali hata siku moja madaktari wakubwa wa Johannesburg wamwone Murielle wake na kichwa timtimu. Hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba waya za kipimo kile cha mawimbi ya ubongo hubandikwa kwenye ngozi ya kichwa, tena ngozi kavu isiyo na tone la mafuta.

Daktari Kidawa aliwapokea mlangoni, macho kwenye shanga zile. Alikuwa ametoka Tanga kuja kusomea ubingwa bobezi wa kifafa cha watoto, na katika mafunzo yake yote hakuna mgonjwa aliyemnyima raha kama huyu. Murielle alikuwa na miaka sita. Zahanati ilikwishampa dawa kwa sababu ya vishtuko vya alfajiri vilivyompinda mdomo, na vishtuko vilitulia. Tatizo ni kwamba mtoto alikuwa ameacha kusema. Masikio yalipimwa, yakaonekana mazima, lakini ukimwita jina hageuki. Kidawa alishuku ile aina ya kifafa inayofanya kazi yake mtoto akiwa usingizini, bila kutupa mikono wala kutoa povu, ikimla lugha kidogo kidogo. Ikiwahiwa, maneno hurudi. Ikichelewa, ndiyo basi.

"Eish, daktari, hapana," alisema Nomvula, fundi wa mashine. "Kwa kichwa hiki siwezi. Mpangie siku nyingine."

Siku nyingine maana yake ilikuwa baada ya Pasaka, na huko ni mbali sana.

"Nipe muda kidogo, tutazifumua," Kidawa akamsihi.

"Sawa. Lakini asilale huko nje. Akilala huko, humu hatalala, na mimi namtaka alale humu."

Mtoto alikuwa amekeshezwa makusudi ili usingizi umkute kwenye mashine. Wakamketisha kwenye benchi la korido, mama upande huu, daktari upande ule, wakaanza kufumua. Profesa wake alikuwa anamsubiri Kidawa kwenye darasa la kusoma mawimbi ya ubongo. Acha asubiri.

"Docteur, unisamehe," Célestine alikuwa akisema. "Nilitaka mutoto akuye hapa muzuri."

"Amependeza sana, mama Murielle. Kosa ni letu, hatukukwambia."

Kichwa cha Murielle kikaanza kuangukia kifuani.

"Mwongeleshe," Kidawa akahimiza. "Usimwache asinzie."

Célestine akatoa Kiingereza cha kuokoteza, maneno mawili matatu ya kumwambia mteja akae, ageuke, alipe. Kisha yakamwishia, akarudi kufumua.

"Mbona humsemeshi Kiswahili?"

"Tulikatazwa, docteur."

"Na nani?"

"Mwalimu wake. Alisema mutoto anachanganyikiwa, ku nyumba Kiswahili, ku masomo Kingereza, inje Kizulu. Alisema lugha moja tu, Kingereza. Basi tukatii. Hata bashangazi yake ku simu niliwaambia basimusemeshe." Alivuta rasta moja, ikatoka. "Njo akaanza kunyamaza. Mi nikawaza amenuna, juu nimemukatalia lugha yetu."

Kidawa alikasirika, akaifumua rasta iliyofuata kwa nguvu. Huyo mwalimu huenda ni mtu mwema, anayewapigia watoto pasi sare zao kwa mkono wake mwenyewe, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Nyumba nzima ilikuwa imefungwa mdomo. Katika nyumba ambayo mama mwenyewe hana maneno, nani angeng'amua kwamba ya mtoto yanapotea?

"Msemeshe sasa," akasema. "Chochote."

Célestine akainama. "Murielle, mwana wangu, unasikia njaa? Tukifika nikupikie bugali na samaki ya sambaza?"

Mtoto alikuwa akitazama shanga zikidunda sakafuni.

"Ona vile ananifanyia kiburi," Célestine akacheka. Akarudia kwa sauti ya juu. Akarudia tena, polepole, na safari hii hakucheka. Mikono yake ikasimama katikati ya nywele. "Docteur, iko ananisikia?"

"Sauti anaisikia," Kidawa akajibu, akarudi kwenye rasta iliyobaki.

Walimwosha kichwa, wakamkausha, Nomvula akabandika waya zake moja moja. Murielle akalala mara tu taa ilipopunguzwa. Na mara tu alipolala, kioo cha mashine kikajaa mawimbi yenye ncha kama miiba, juu hadi chini, bila nafasi ya kupumua. Kidawa alikwisha kuiona picha kama hiyo darasani akasifiwa kwa kuitambua. Leo aliomba awe amekosea. Profesa, aliyekuja kumtafuta, akasimama nyuma yake.

"Uliwaza sawasawa," akasema. "Ameacha kuelewa tangu lini?"

Swali hilo ndilo lililoshika kila kitu, na Kidawa akamtafsiria Célestine. Kunyamaza kulianza mvua za mwaka jana, au kabla. Kuelewa kuliisha lini, angejuaje mtu ambaye hakuwa akizungumza na mwanawe?

Kwa Profesa ilikuwa desturi: anayefundwa ndiye anayemweleza mzazi, kwa lugha nyepesi, bila kupaka asali. Kidawa akavuta kiti karibu.

"Tutambadilishia dawa leo hii, mama Murielle. Hayo mawimbi yatatulia. Lakini maneno ni kitu kingine. Muda mrefu umepita. Nahofia mengi hayatarudi."

Célestine hakulia. Alimtazama binti yake aliyelala na nywele zake zilizosimama ovyo.

"Basi mi najua neno la mwisho alisikia kwangu," akasema. "Ile siku ya mwalimu nilimushika mashavu, nikamwambia polepole, asikie muzuri. Nilimwambia, Murielle, kuanzia leo usiniongeleshe tena mu lugha yetu, sitakujibu. Na alielewa, docteur. Alilia sana."