Kipande Kisicho na Ukomo

Binti mmoja, mwandishi wa programu, alifika kwenye ile sehemu ambayo wenzake wote huinakili bila kuisoma. Hapo kumbukumbu ya mashine hugawanywa vipande, na kila kipande huelezwa kinaanzia wapi, kinaishia wapi na nani ana ruhusa ya kuingia. Kukata mipaka ni kazi ya kuchosha, kwa hiyo ofisini kwao kila kipande huanzia sifuri na kuishia kumbukumbu inapoishia, yaani hakina mpaka. Naye akafanya vivyo hivyo. Alikuwa hoi, na mama yake mgonjwa alikuwa amemwomba jambo moja tu: awahi nyumbani, wale pamoja.

Mashine ikawaka, akaaga. Alishuka ngazi, akavuka barabara, akapanda basi, na ofisi ikawa bado haijaisha. Kondakta alimdai kitambulisho cha kazi badala ya nauli, akampa. Nyumbani alikuta kitanda cha mama kiko kati ya printa na kabati la mafaili. Bosi wake alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anapuliza chai.

“Shikamoo, mama,” alisema bosi.

“Marahaba, baba. Mnisamehe nimelala.”

“Bila samahani. Sisi hatukai sana.”

Walikaa sana.

Binti alimvuta bosi pembeni. “Nimekosea ukomo wa kipande, ofisi imefika hadi hapa. Naomba nirekebishe.”

“Mashine si inawaka?”

“Inawaka.”

“Basi usiichokonoe. Mteja ameshaipokea.”

Akaomba akate japo kipande kidogo, kianzie kwenye mto na kuishia miguuni pa kitanda, wenye ruhusa wawe yeye na mama yake tu. Bosi alisema ni wazo zuri, watalizungumza kwenye kikao kijacho. Mabosi hawasemi hapana, wana adabu zao. Kisha akampa kazi nyingine ya haraka.

Binti akasogeza kompyuta kando ya kitanda, magoti yake yakagusa blanketi. Alikula kwa mkono mmoja huku akiandika kwa mwingine. Sahani ya mama ilikuwa bado imefunikwa. Mama alimgeukia.

“Mwanangu, leo utarudi saa ngapi?”

“Sijui, mama,” alijibu. “Usiningoje, wewe kula tu.”