Swali la Mama wa Mikate

Nilikuwa nakata kimya cha tatu kwenye video ya somo pale Dokta aliposogeza kiti na kuinamia kompyuta yangu.

"Umenikata tena, mwanangu."

"Nimeondoa pale uliponyamaza tu, Dokta."

"Sikunyamaza. Niliuliza swali."

"Ndiyo. Lakini hakuna aliyejibu."

"Hata darasani hawajibu upesi," alisema, akacheka kidogo. "Ndiyo maana nangoja."

Amefundisha MBA katika chuo hiki tangu kabla sijazaliwa. Mwaka huu walioomba nafasi hawakujaza hata safu ya mbele. Wengine wamekimbilia kozi fupi za kwenye simu. Mkuu wa chuo naye ameamua kuanzisha za kwake, na mimi, niliyejifunza kuhariri video kwa kozi za namna hiyohiyo, nimepewa kazi ya kumrekodi Dokta. Kila somo dakika saba, na mwisho wake jibu. Somo la kwanza lisipokuwa tayari kesho jioni, Dokta atastaafishwa.

Somo lenyewe ni la mama mwenye tanuri la mikate. Mpinzani amefungua duka mtaa wa pili, anauza kwa bei ya kutupa. Binti wa mama huyo anataka nao washushe bei. Ungekuwa wewe ndiye mama huyo, ungefanyaje? Hapo ndipo Dokta huishia. Huvitazama viti vitupu, akangoja.

Nikaona labda anahitaji uso wa kutazama. Nikawasha kamera, nikaenda kuketi mbele yake. Alipouliza, nikasema ningeshusha bei.

"Ukishashusha, naye akashusha tena?"

"Nitapunguza uzito wa mkate."

"Kwani wateja wako hawana mikono?"

Nilicheka, nikajitetea, akanibana, nikageuza kauli. Alivua koti, akawa anatembea huku na huku, macho yanang'aa. Tulipomaliza, jua lilikuwa limeshahama dirishani. Sijawahi kufundishwa hivyo. Video ilikuwa ndefu kupita kiasi, na jibu halimo.

Simu ikaita. Mkuu wa chuo. Nikaweka spika.

"Jamani, mmefika wapi?"

"Bado kidogo, Mama."

"Dokta, kaka yangu, sikulazimishi kwa ubaya. Watu wana kazi, wana watoto, wanasikiliza wakiwa kwenye foleni. Wape jibu waende zao."

"Nimekuelewa, dada."

Dokta akavaa tena koti lake. Nilijaribu kukata upya. Nikitoa maswali yake, nabaki najibu hewa. Nikitoa majibu yangu, anaonekana mzee anayejisemea. Nikarudisha vyote.

"Liandike wewe hilo jibu," alisema hatimaye. "Mimi nitalisoma."

"Mimi fundi wa video tu, Dokta. Silijui."

"Hata mimi silijui, mwanangu. Ningelijua ningeshawapa."

Nilihifadhi faili lilivyo, nikazima taa, nikaiacha kamera imesimama mahali pake.

"Kesho tena, saa mbili asubuhi?" akauliza.

"Saa mbili, Dokta."