Kuyatetea Mayai

Mama alifariki mayai yakiwa na siku kumi na nane kwenye mashine ya kuangulia. Siku tatu baadaye, mazishi yakiwa yamepita, vifaranga sitini wakatoka, wazima, wakavu. Wakakataa kula.

Kifaranga hutoka na akiba ya kiini tumboni, ya siku mbili, tatu hivi. Sasa ilikuwa asubuhi ya tatu, na wanane tayari walikuwa wamekufa. Waliobaki walirundikana ndani ya boksi, chini ya taa, wakilia.

Niligonga sinia la chakula kwa ukucha, kama kuku anavyodonoa. Hawakugeuka. Kaka yangu akaweka simu karibu nao, ndani yake kuku akitetea kuwaita wanawe wale.

"Mbona hata mimi nimeanza kusikia njaa?" alisema.

Vifaranga wakazidi kubanana.

"Huyo hawamjui," nikasema.

"Wanamjua nani, dada? Wamekuja juzi tu!"

Akachukua ndoo, akaenda kuteka maji. Maneno yake yakabaki nami. Walimjua mtu. Kila asubuhi Mama alipogeuza mayai, aliinamia kioo cha mashine akayatetea: tee-te-te, tee-te-te. Kaka alikuwa akimtania, "Mama, hayo mayai yana kesi gani mpaka uyatetee?" Naye alimjibu, "Kesi ya kuzaliwa, mwanangu. Si ndogo."

Nilipiga magoti kando ya boksi. Nikaomba: Bwana, viumbe hawa ni wako, nipe sauti watakayoisikia. Nikagandisha ulimi kwenye kaakaa.

Sauti ya kwanza ilikuwa yangu. Ya pili ilinikatikia kooni. Ya tatu ilitoka chini, yenye mikwaruzo, na mwishoni ikapanda kidogo, kama Mama alivyokuwa akiipandisha. Sikuipandisha mimi.

Vifaranga wote wakanyamaza kwa mara moja.

Kisha wakaja. Walikuja wakijikwaa, wakapanda sinia chini ya uso wangu na kudonoa, kila mmoja akinitazama kwa jicho moja. Nikaendelea.

Uani ndoo ikaanguka, maji yakamwagika.

"Mama?" kaka aliita.

Nikanyamaza ili nimjibu. Vichwa vyote vikainuka kutoka kwenye chakula. Nikatetea tena, vikainama.

"Mama, ni wewe?" Sasa alikuwa mlangoni, nyuma yangu, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Sikumjibu. Walikuwa wanakula.