Mganda wa Bwana Mchoraji

Siku ya nne ya kusimama nichorwe nilichoka. Nikaivua aproni safi aliyonivalisha mchoraji, nikaitupa juu ya sanduku lake la rangi.

"Mama Tuffin! Nani kakwambia usogee?" Bwana Ashcombe aling'aka, brashi mkononi.

"Miguu yangu, bwana. Na wale kule."

Wale kule walikuwa wanawake kumi na tisa na watoto wao, wamekaa nje ya lango la shamba la Thurlow toka Jumatatu, wakiutazama mganda mmoja wa ngano, mabua yaliyofungwa pamoja, uliobaki katikati. Kwetu Suffolk, mashariki ya Uingereza, mganda huo ndio mlinzi. Ngano yote iwe imeshaingia ghalani, lakini mganda huo ukiwa bado umesimama, atakayeingia kuokota masuke ni mwizi. Ukiondolewa, masazo yote ni yetu, na ndiyo mkate wetu mpaka Pasaka. Mwaka ule nilichaguliwa mimi kuwa malkia wa waokotaji, kazi yangu kupiga kengele ya kuingia, na kabla ya hapo kuhakikisha hakuna anayeruka lango.

"Malkia gani huyu!" Dorcas Pallant alikuwa amenipigia kelele asubuhi ile. "Anasimama kuchorwa, wenzake masuke yanawaozea!"

Iliniuma, maana alisema kweli. Masuke yalishaanza kuota kwa umande, na upande wa baharini mawingu yalikuwa yanajikusanya. Mvua moja tu, tumekwisha.

"Bwana Thurlow anasema mganda hautoki mpaka useme wewe," nikamwambia mchoraji. "Eti ulimwomba."

"Nilimwomba, ndiyo. Picha ya waokotaji bila mganda itakuwa tupu."

"Waokotaji gani? Umemwona hata mmoja akiokota?"

Akaitazama picha yake. Humo tulikuwa tumeinama, mashavu mekundu, na mganda umesimama katikati yetu. Mungu wangu! Alikuwa ametuchora wezi, na mimi malkia wao nimetangulia.

Nikamweleza yote, na sikupunguza sauti. Masikio yakamwiva kwa aibu.

"Mbona hamkusema?"

"Nani alituuliza?"

"Basi, basi. Utoeni."

"Thubutu! Akiugusa mmoja wetu, kesho tuko kwa hakimu. Umeuomba wewe, utautoa wewe."

"Mimi? Na koti hili?"

"Livue."

Akalivua. Akaenda akijikwaa kwenye mabua, akaukumbatia mganda, akaja nao huku nusu ya nywele zake zimejaa makapi.

"Begani, bwana!" Dorcas akamchekea. "Huyo si mtoto wa kubatizwa!"

Alipovuka nao lango nikapiga kengele, tukaingia mbio, wazee kwa watoto. Hata mimi nilikimbia kama msichana wa miaka kumi. Tuliokota bila kunyoosha migongo, aproni zikajaa, tukazimimina, tukarudi.

Nyuma yetu mchoraji alishashika brashi.

"Mama Tuffin!" aliita. "Jamani, geukeni kidogo, nione nyuso!"

Matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka. Hakuna aliyegeuka.