Chuma Chini ya Mashua

Meule, mashine ya kukatia chuma, ilipoanza kulia nyuma ya nyumba, Hortense aliacha kutwanga sombe, majani ya muhogo. Mkwe wake Constantin alikuwa ameilaza mashua ubavu, anakata mkuku, lile bapa zito la chuma ambalo marehemu mume wa Hortense, fundi wa kuchomelea hapa mtaa wa Panda, alilifunga chini ya tumbo la mashua hiyo.

Kutoka nje na kumzuia kulikuwa hatua chache tu. Lakini mwanamke wa Kasai habishani na mume wa binti yake, wala hasimami mbele ya uso wake. Tangu ndoa, akiingia huyu, yule anatoka. Heshima ni heshima, hata ikikera.

Akamwita binti yake. "Carmen! Umuambie bwana yako asikate ile chuma. Mupepo ikilalisha bwato, njo ile inaiinua."

Carmen alienda, akarudi. "Mama, anasema umusamehe. Kule Kapolowe, ku ziwa, samaki iko mu majani, mai ni kidogo, bwato inakwama kila siku. Tena ni pana, haiwezi kupinduka."

"Pana njo mubaya! Mu mai ya kulala, muzuri. Lakini ikishageuka, ule upana njo inaikataza kurudi. Papa yako alisema vile. Rudia, umuambie yote."

Carmen alirudi, akasema tu, "Mama anaogopa." Nani anapenda kumfundisha mume kazi, majirani wakichungulia juu ya ukuta? Constantin alicheka kwa adabu, akaendelea.

Chuma kikaanguka kwenye sementi. Hortense alishika pazia la mlango, akaliachia. Alijichukia, lakini alirudi kwenye kinu.

Mvua kubwa ya kwanza ilikuja na upepo wake. Wavuvi waliikuta mashua katikati ya ziwa, tumbo juu, imetulia kabisa. Constantin walimpata kesho yake.

Alilazwa sebuleni. Hortense alipoingia, wamama waliacha kuimba, wakatazamana, lakini hakuna aliyemshika mkono kumzuia. Akafunua shuka. Kumbe mkwe wake alikuwa kijana hivi, ndevu bado nyepesi, na kovu dogo juu ya mdomo. Miaka yote hii hakulijua.

"Constantin, papa," alisema. "Sikia."

Akavuta kiti karibu na kichwa chake, akaanza kumweleza, tangu mwanzo, kazi ya kile chuma.